Kusafisha Historia ya Amri Kwenye Simu ya Linux: Kufuta Yote, Kuchagua, au Kuzuia Mapema?

Mwenye PinePhone, Librem 5, au OnePlus 6 ya zamani iliyowekewa postmarketOS (mfumo wa Linux wa simu) anajua kwamba terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kwenye simu hizi si pambo. Masasisho yakikwama, modemu ikigoma kuamka, sauti ikipotea katikati ya maongezi, unaishia humo. Na kuandika amri ya herufi sitini kwa dole gumba, kwenye kioo cha inchi sita hivi, ni kazi. Ndiyo maana mshale wa juu na Ctrl+R (ya kutafuta ndani ya amri za zamani) vina thamani kubwa zaidi kwenye simu kuliko kwenye laptopu: amri uliyoiandika kwa taabu wiki iliyopita inarudi kwa kugusa mara moja tu. Historia ya amri ni kibodi yako ya pili.

Kwa hiyo nauweka msimamo wangu mapema. Ushauri wa kufuta historia yote kila mara unawafaa zaidi watu wa seva; kwenye simu unakunyang'anya kitu unachokihitaji kila siku. Historia safi ya simu ni ile iliyobakiza amri ndefu zenye faida, ikatolewa siri na takataka. Swali ni njia ipi inakufikisha hapo bila kukuchosha, na jibu linategemea programu inayopokea amri zako.

Ujue kwanza historia yako iko wapi

Andika `echo $0` kwenye terminali ujue ni programu gani inapokea amri zako. Mobian, mfumo mwingine wa Linux wa simu, imetokana na Debian, kwa hiyo mara nyingi utajibiwa `bash`, na historia iko `~/.bash_history`. postmarketOS imejengwa juu ya Alpine, ambako mpokeaji wa kawaida wa amri ni `ash` ya BusyBox, na faili lake ni `~/.ash_history`. Waliojiwekea fish, mpokeaji mwingine wa amri, wataikuta `~/.local/share/fish/fish_history`. Kisha tazama yote kwa pamoja:

```
ls -la ~/.*history ~/.local/share/fish/
```

Usishangae ukikuta na `.python_history` au `.sqlite_history`. Hayo nayo hutunza ulichoandika, na watu huyasahau kabisa.

Sasa fungua faili lenyewe ulisome. Uchafu uliomo ni wa aina mbili, na kila aina ina dawa yake. Kuna takataka: `ls` mara mia, `cd ..`, amri zilizokosewa herufi, amri ileile imejirudia. Hizi hazina madhara ila zinakufanya ubonyeze mshale wa juu mara ishirini kabla ya kufika unakotaka. Halafu kuna siri, na kwenye simu siri huingia kwa milango ambayo laptopu haina. Angalia mistari hii:

```
nmcli dev wifi connect "Nyumbani" password "nenosiri-lako"
mmcli -m any --3gpp-ussd-initiate='*150*00#'
mmcli -m any --3gpp-ussd-respond='1234'
```

Wa kwanza umeacha nenosiri la Wi-Fi wazi. Wa tatu ni mbaya zaidi. Ukifungua menyu ya pesa kwa USSD kupitia terminali, iwe `*150*00#` ya Tanzania au `*334#` ya Kenya, kila unachojibu unakijibu kwa amri, na menyu ikifika mahali pa kuuliza namba ya siri, namba hiyo inaandikwa kwenye historia kama amri nyingine yoyote. Iko pale, kwa maandishi ya kawaida, mstari mmoja chini ya msimbo unaoonyesha ni ya nini. Yeyote aliyeshika simu ikiwa wazi akabonyeza mshale wa juu ataiona. Kama umewahi kufanya hivyo, safisha leo, kisha badilisha namba ya siri yenyewe.

Kufuta yote au kufuta mstari mmoja, kwa wenye bash

Njia ya haraka inayojulikana na wengi ni hii:

```
history -c
history -w
```

Ya kwanza inasafisha kumbukumbu ya dirisha ulilofungua. Ya pili inaandika kumbukumbu hiyo, sasa ikiwa tupu, juu ya faili. Wengi huishia ya kwanza, wanaona `history` haionyeshi kitu, wanaridhika. Faili liko vilevile kwenye diski, na ukifungua terminali upya kila kitu kinarudi. Upande wa pili wapo wanaofuta faili kwa `rm ~/.bash_history` huku dirisha likiwa wazi. Hao nao wakifunga dirisha, bash inaandika tena mistari ya kikao hicho, maana ilikuwa bado imeishikilia kichwani.

Uzuri wa `-c` na `-w` ni wepesi: maneno mawili mafupi, hata kwa dole gumba. Ubaya wake nimeshausema. Umepoteza na ile amri ndefu ya kurekebisha maikrofoni, ambayo ilikuchukua jioni nzima kuipata.

Kufuta mstari mmoja mmoja kunataka subira kidogo zaidi:

```
history | grep nmcli
history -d 212
history -w
```

Namba unaipata kwenye matokeo ya `grep`, inayochuja mistari yenye neno unalotafuta. Tangu bash 5.0, iliyotoka mwaka 2019, unaweza kufuta mistari inayofuatana kwa mkupuo, kwa mfano `history -d 212-215`. Ukiwa na mistari iliyotawanyika, anza na namba kubwa ushuke chini, kwa sababu ukifuta wa 212, uliokuwa wa 213 unakuwa wa 212 na hesabu zako zote zinaharibika. Na unapotafuta, tafuta kwa neno `nmcli` au `password`. Usitafute kwa nenosiri lenyewe, maana amri yako ya kutafuta nayo inaingia kwenye historia ikiwa na siri uliyokuja kuifuta.

Kuna tatizo moja la `history -w` ambalo kwenye simu hujitokeza mara nyingi. Inaandika juu ya faili yale tu ambayo dirisha hili linayajua. Kama umeingia kwenye simu kwa SSH (muunganisho wa mbali) kutoka laptopu, na wakati huohuo terminali ya simu iko wazi, kila upande una kumbukumbu yake. Dirisha moja likiandika, yale ambayo lingine liliongeza katikati yanapotea, na siri uliyoifuta huku inaweza kurudi faili litakapoandikwa kutoka kule. Funga madirisha mengine yote kwanza, ubaki na moja, ndipo usafishe.

Kati ya njia zote za kuchagua kwenye bash, mimi naipenda zaidi hii:

```
sed -i '/nmcli.*password/d; /ussd-respond/d' ~/.bash_history
history -c; history -r
```

`sed` inaondoa kwenye faili kila mstari unaofanana na unachotaka kitoke. Kisha `history -c` inasafisha kumbukumbu ya dirisha na `history -r` inasoma upya faili lililokwisha kusafishwa. Hakuna kuhesabu namba, na amri ya `sed` yenyewe inaondoka pamoja na kumbukumbu ya zamani. Kinachopotea ni amri za kikao hiki ambazo hazikuwa zimehifadhiwa bado, na mara nyingi hilo si tatizo. Anayependa kuona kwa macho afungue faili kwa `nano`, atafute kwa Ctrl+W na kukata mstari kwa Ctrl+K. Kibodi ya Squeekboard, inayotumika na Phosh (mazingira ya kioo cha kugusa kwa simu za Linux), ina mpangilio maalumu wa terminali wenye Ctrl na mishale, kwa hiyo inawezekana, ingawa kwa mistari mingi mikono itachoka.

ash na fish: moja haina kitu, nyingine ina kila kitu

Wa `ash` hawana la kulinganisha. Hakuna `history -d`, hakuna `history -c`, wala hakuna HISTCONTROL, mpangilio wa bash wa kuchagua kipi kisihifadhiwe. Njia ni kuhariri faili kwa `sed -i` kama hapo juu, ukibadilisha jina liwe `~/.ash_history`, kisha kufunga terminali na kuifungua upya uhakikishe mstari umeondoka kweli. Ni njia butu lakini inafanya kazi. Kama unashinda kwenye terminali ya postmarketOS, weka bash au fish kwa `apk add` na utapumua.

fish, kwa maoni yangu, ndiyo inayofaa zaidi simu ya kioo cha kugusa, na sababu si historia peke yake. Ukianza kuandika, inakuonyesha kwa rangi iliyofifia amri ya zamani inayoanza hivyo, unagusa mshale wa kulia, imekamilika. Marudio inayashughulikia yenyewe. Na kufuta ni hivi:

```
history delete --contains nmcli
```

Inakuorodheshea mistari yote yenye neno hilo na kukuuliza ipi ifutwe, unajibu kwa namba. Ukitaka kufuta yote, `history clear`, nayo itakuuliza kwanza kama una uhakika. Hakuna mchezo wa kumbukumbu na faili kutofautiana ambao unawachosha wa bash.

Ila sifa ileile nzuri ya fish inaifanya siri kuwa hatari zaidi. Uko kwenye daladala, umebanwa na abiria pande zote, unaandika `nmcli dev` kutaka kuona tu kama Wi-Fi imezimika, na fish kwa wema wake inakuonyesha mstari mzima wa zamani pamoja na nenosiri. Hukuomba, wala hukubonyeza chochote. Anayetumia fish bila kusafisha siri anazibeba zikiwa kwenye kioo.

Gharama nyingine ya fish ni kwamba baadhi ya sentensi za bash unazozikuta kwenye maelekezo ya mtandaoni haziendi humo moja kwa moja. Kwa hilo unaita `bash`, unafanya kazi yako, unatoka.

Watu wa zsh, mpokeaji mwingine wa amri, wako katikati: kuna `setopt HIST_IGNORE_SPACE` na `HIST_IGNORE_ALL_DUPS` za kuzuia, lakini kufuta mstari mmoja ukishaingia kunataka kuhariri faili, kama ash.

Takataka na marudio

Hapa ushauri unaojirudia ni `sort -u`. Usiutumie. Unaondoa marudio, kweli, lakini unapanga historia kwa alfabeti, na mshale wa juu ukibonyezwa haukuletei tena ulichofanya jana. Tumia hii:

```
tac ~/.bash_history | awk '!x[$0]++' | tac > ~/h.mpya
cat ~/h.mpya > ~/.bash_history
rm ~/h.mpya
```

Inasoma faili kutoka chini kwenda juu, inabakiza mara ya mwisho ulipotumia kila amri, kisha inarudisha mpangilio. Nimeandika `cat` badala ya `mv` makusudi: faili jipya huenda likazaliwa na ruhusa zinazomwezesha mtumiaji mwingine kulisoma, wakati `cat` inaacha ruhusa za faili la zamani zilivyo. Na ukiamua kutoa nakala kabla ya kuanza, ifute ukimaliza, kwa sababu nakala ya historia chafu ni historia chafu.

Kuna sharti moja. Kama umeweka HISTTIMEFORMAT (mpangilio wa kuonyesha muda wa kila amri), bash huandika juu ya kila amri mstari wa muda unaoanza na alama ya `#` na tarakimu kumi. Mistari hiyo haijirudii, kwa hiyo `awk` itaiacha na kuondoa amri zilizokuwa chini yake, ubaki na nyakati zisizo na wenyewe. Mwenye HISTTIMEFORMAT aiache njia hii.

Je, si afadhali `erasedups`, chaguo la HISTCONTROL la kufuta marudio? Inasaidia, lakini inafanya kazi kwenye kumbukumbu ya dirisha. Mifumo ya asili ya Debian huwasha `histappend`, yaani mistari mipya inaongezwa mwishoni mwa faili bila kugusa ya zamani, kwa hiyo marudio ya vikao vilivyopita yanabaki.

Kuzuia mapema

Hapa ndipo ningemwambia mtu aweke nguvu zake. Debian humpa mtumiaji mpya `.bashrc` yenye `HISTCONTROL=ignoreboth`, na maana yake ni kwamba amri ukiianza na nafasi, haiingii kwenye historia. fish nayo haiihifadhi kwenye faili. Ni njia nyepesi mno na inategemea kitu kimoja tu, kukumbuka. Katika haraka ya kuunganisha Wi-Fi kwa jirani hukumbuki.

HISTIGNORE, orodha ya amri ambazo bash isizihifadhi, haitegemei kumbukumbu yako:

```
HISTIGNORE='ls:cd:cd ..:history*:nmcli*password*:*ussd-respond*'
```

Weka kwenye `~/.bashrc`. Kila kiolezo kinatengwa kwa nukta mbili na lazima kilingane na mstari mzima, ndiyo sababu ya nyota. Mstari mmoja huu unaondoa takataka na siri kwa pamoja. Udhaifu wake ni kwamba unazuia yale tu uliyoyafikiria.

Bora kuliko zote ni kuandika amri isiyobeba siri tangu mwanzo. Kwa Wi-Fi:

```
nmcli --ask dev wifi connect "Nyumbani"
```

Itakuuliza nenosiri pembeni, na kwenye historia itabaki amri safi ambayo unaweza kuirudia kesho. Kwa namba ya siri kwenye USSD:

```
read -rs NAMBA
mmcli -m any --3gpp-ussd-respond="$NAMBA"
unset NAMBA
```

`read -rs` inapokea unachoandika bila kukionyesha kwenye kioo, na historia inahifadhi neno `$NAMBA` tu. Inakubali kwenye bash na kwenye ash pia, kwa hiyo hata wa postmarketOS wasio na HISTCONTROL wana kinga. Njia hii inalinda historia huku ikikuachia faida yake, ndiyo maana naiweka juu ya zote.

Wapo wanaozima historia kabisa kwa kuielekeza `~/.bash_history` kwenye `/dev/null`. Kwa simu siwezi kumshauri mtu. Lakini kuzima kwa kikao kimoja ni jambo zuri: andika `unset HISTFILE` unapoanza kazi nyeti, mshale wa juu utaendelea kufanya kazi, na ukifunga dirisha hakuna kinachohifadhiwa. Kwa fish ni `fish --private`.

Suala la betri linaingia hapa pia. bash kwa kawaida huandika historia dirisha linapofungwa, na simu ikizimika ghafla kwa kuisha chaji, amri za kikao hicho zimepotea. Wengine huongeza `PROMPT_COMMAND='history -a'` ili kila amri iandikwe papo hapo. Ni nzuri kwa amri zako, mbaya kwa siri zako: nenosiri ulilokosea kuliandika liko kwenye diski kabla hujainua kidole. Ukiiweka hiyo, weka na HISTIGNORE. Ushauri huu unawahusu hata wanaotumia Termux (programu ya terminali) kwenye Android, kwani humo nako Android hupenda kuua programu iliyo nyuma bila taarifa. Historia ya Termux ni `.bash_history` ya kawaida na kila nililosema kuhusu bash linafaa.

rm, shred, au diski iliyofungwa

Swali linalobaki ni kama kilichofutwa kimefutika. `shred` huandika takataka juu ya faili kabla ya kuliondoa, na kwenye diski za zamani za kuzunguka ilikuwa na maana. Hifadhi ya simu ni chipu za eMMC au UFS, ambazo hugawanya uandishi kwenye seli mbalimbali ili zisichakae upande mmoja. Unapodhani umeandika juu ya data ya zamani, chipu imeandika mahali pengine, na ya zamani huenda ikawapo bado. Na `sed -i` hutengeneza faili jipya na kuliacha la zamani, kwa hiyo hata `shred` ingekuwa na nguvu, usingekuwa na cha kuishikisha.

Kinga ya kweli ni kufunga diski nzima kwa nenosiri wakati wa kuweka mfumo. Kwenye postmarketOS ni `pmbootstrap install --fde`. Mobian nayo imekuwa na nafasi hiyo kwenye kisakinishi chake. Aliyekwisha kuweka mfumo bila kufunga diski atalazimika kuanza upya, na kwa anayefanya mambo ya pesa kwenye simu hiyo naona inastahili usumbufu.

Angalia na nakala zilizokwisha kutoka. Kama una `rsync` au Syncthing inayopeleka folda yako yote ya nyumbani kwenye laptopu, `.bash_history` imekwenda nayo, na kusafisha simu hakukugusa nakala ile. Itoe kwenye orodha ya vinavyonakiliwa.

Simu inapoondoka mikononi mwako mambo hubadilika. Ikienda kwa fundi kubadilishwa kioo, na diski haikufungwa, safisha siri kwa `sed`, badilisha maneno ya siri yaliyokuwamo, kisha ipeleke. Ikiuzwa, usihangaike na historia hata kidogo: weka mfumo upya ukiwa na diski iliyofungwa, na mnunuzi aanze na lake.